Barua kwa mwanangu: wakili aliyehamia kwenye vitabu

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Umeniuliza kama ukiacha uwakili ukaingia kazi ya kuhariri vitabu, miaka yote uliyosomea sheria itakuwa imekwenda bure. Nakujibu kwa habari za Edmond Malone.

Alizaliwa Dublin mwaka 1741, baba yake akiwa mwanasheria aliyekuja kuwa jaji. Mwaka 1767 naye akawa wakili, akafuatana na mahakama ilipokuwa ikizunguka Munster, kusini mwa Ireland. Hakupata jina huko. Mwaka 1777 alihamia London, akajifungia na Shakespeare, huyu huyu ambaye Mwalimu Nyerere alitufasiria katika Mabepari wa Venisi.

Sheria hakuiacha Dublin. Shakespeare hakuandika popote kwamba tamthilia ipi ilitangulia ipi, na watu walikuwa wakikisia tu. Malone alifanya kama anayeandaa kesi: akapekua daftari walimosajili vitabu wachapishaji wa London, rejista za kanisa la Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, wosia na hesabu za majumba ya maonyesho. Mwaka 1778 akatoa mpangilio wa kwanza wenye hoja, na mwaka 1790 toleo lake la juzuu 10. Maandishi aliyachukua kwenye nakala za zamani kabisa, kwa sababu kila mchapishaji aliyefuata alikuwa ameongeza makosa yake.

Lakini ninayempenda zaidi ni Malone wa 1796. Kijana William Henry Ireland, aliyekuwa karani kwa mwanasheria, alighushi barua na hati, hata tamthilia nzima, akasema ni za Shakespeare. Wasomi wenye heshima zao waliamini. Malone akaandika kitabu cha kurasa zaidi ya 400, akizihoji hati zile moja moja kama mashahidi. Tahajia ya hati hizo haikufanana na ya mtu yeyote wa zama zile. Saini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza iliyokuwa humo aliilinganisha na saini zake halisi, zikapishana. Barua moja ilimtaja Leicester, kipenzi cha malkia huyo, kama mtu aliye hai wakati Shakespeare ameshapata sifa, ilhali bwana huyo alifariki mwaka 1588. Siku chache baada ya kitabu cha Malone kutoka, tamthilia ile ya kughushi ilichezwa Drury Lane, jumba la maonyesho la London, watazamaji wakaizomea, na haikurudiwa. Mwaka huo huo kijana akakiri.

Hayo ni maswali ya wakili, mwanangu, na wewe umeshafundishwa kuyauliza.

Sikusifii mtu asiye na doa. Mwaka 1793 alimshawishi kasisi wa Stratford apake rangi nyeupe sanamu ya Shakespeare iliyomo kanisani, akafunika rangi zake za asili. Linaniuma hilo. Mhariri anayejiamini kupita kiasi huharibu alichokabidhiwa akilinde, nawe utakutana na kishawishi hicho kwenye miswada ya watu.

Na jambo lingine usilipuuze: Malone aliweza kuacha kesi kwa kuwa baba yake, aliyefariki mwaka 1774, alimwachia mali ya kuishi nayo. Sisi hatuna cha namna hiyo cha kukupa. Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, niandikie wachapishaji hao watakulipa kiasi gani kwa mwezi, mkataba ni wa muda gani, na akiba uliyonayo italipa kodi ya nyumba miezi mingapi. Baba yako naye anasubiri hesabu hiyo.

Mama yako akupendaye