Usiulize Inakaa Saa Ngapi: Kuvaa na Kupima Pafyumu ya Ndimu na Chai ya Kijani

Ingia duka lolote la pafyumu Kariakoo au Darajani, simama kidogo, utamsikia mteja wa pembeni anauliza: "Inakaa?" Muuzaji naye ana jibu lake tayari: "Hii? Unafua nguo na bado ipo." Watu wa pwani tumekulia kwenye udi, halud na asumini, harufu zinazoingia kwenye kanga na kukaa kabatini wiki nzima. Kwa udi swali hilo ni halali kabisa. Lakini kwa pafyumu ya ndimu na chai ya kijani, swali hilo linamnyima mtu kitu kizuri kabla hajakijua, na nimeona watu wengi ninaowapenda wakikosa kwa sababu hiyo.

Nitaongelea chupa ninayoijua vizuri, Green Tea ya Elizabeth Arden. Ilitoka mwaka 1999, na mtunzi wake ni Mfaransa Francis Kurkdjian. Jina lake huenda hulijui, lakini kazi yake nyingine unaijua: ndiye aliyetunga Baccarat Rouge 540, ile ambayo mafuta ya kuiga yamejaa kila duka la mjini, ile ambayo mtu akishuka kwenye lifti anayepanda baada yake anajua nani katoka. Kwa hiyo mtu akikuambia Green Tea haikai kwa sababu ni ya bei nafuu au mtunzi hakuijua kazi, mwambie aliyeitunga anajua sana kutengeneza kinachoganda. Hapa alikusudia kingine.

Alichokusudia kina mipaka yake ya kimaumbile. Mafuta ya ganda la limau, ndimu, chungwa, chenza na balungi kwa kiasi kikubwa ni limonini, molekuli ndogo na nyepesi. Ikigusa ngozi yenye joto inaruka. Miski ni molekuli kubwa na nzito, ndiyo maana inabaki ngozini wakati limau limeshaondoka zamani. Dar ya Februari, jua kali na jasho, limau litaondoka mapema kuliko asubuhi ya baridi ya Njombe au Limuru, na hapo pafyumu haijaharibika wala wewe hujaibiwa. Ndivyo limau lilivyo.

Basi kitu cha kupima ni nini? Ni kile kinachobaki limau likishaondoka. Pafyumu ya aina hii inajulikana saa ya pili. Dakika za mwanzo zote zinapendeza, hata zile mbovu, kwa sababu karibu kila mtu anaipenda harufu ya chungwa linapomenywa. Saa ya pili ndipo unapogundua kama mtunzi alijenga nyumba au alipaka rangi ukuta tu.

Na hapo katikati ndipo inapoingia chai. Wengi wanafikiri majani ya chai yamekamuliwa yakatiwa kwenye chupa. Mara nyingi si hivyo. Harufu ya chai kwenye pafyumu hujengwa. Aliyefungua njia hiyo ni mtunzi wa pafyumu Jean-Claude Ellena, alipoitungia kampuni ya Bvlgari pafyumu iitwayo Eau Parfumée au Thé Vert mwaka 1992. Ellena alinusa makopo ya chai kwenye duka la Mariage Frères jijini Paris, akaenda kutafuta ni vitu gani vichache vinavyoweza kuirudisha harufu ile. Msingi wa jibu lake ulikuwa molekuli za ayononi, zinazonukia ua la urujuani, pamoja na Hedione, ambayo ina harufu ya asumini nyepesi yenye hewa na umbali ndani yake. Hedione yenyewe ilishapata umaarufu kupitia Eau Sauvage ya Dior, kazi ya Edmond Roudnitska ya mwaka 1966. Weka hivyo viwili pamoja, tia bergamoti, tunda la jamii ya ndimu, na machungwa juu, na pua inasema "chai". Mwaka 1994 ikaja CK One nayo ikiwa na chai ya kijani, mtindo ukasambaa dunia nzima, na miaka mitano baadaye Kurkdjian akatoa ya kwake.

Naeleza yote haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kunusa. Ukitarajia chai ya jikoni kwetu, ile nyeusi ya Mufindi au Kericho iliyochemka na maziwa na tangawizi, utaikataa pafyumu bila kuipa haki yake. Kwa pua zetu iliyo karibu zaidi ni chai ya mchaichai. Mafuta ya mchaichai yana kemikali iitwayo sitrali kwa wingi, na sitrali hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, ndiyo inayolipa limau ukali wake. Ndiyo maana mtu akinusishwa pafyumu hizi kwa mara ya kwanza hutaja mchaichai. Yuko karibu na ukweli. Tofauti ni kwamba mchaichai una utamu na joto, wakati chai ya pafyumu ni kavu, chungu kidogo, na inapoa kadiri unavyoinusa.

Sasa kupima kwenyewe. Nyunyiza mara moja kwenye karatasi, ipunge, acha spiriti iondoke. Mwanzoni tafuta jambo moja tu: uchakavu. Limonini ikikutana na hewa, mwanga na joto kwa muda mrefu inaharibika, na harufu yake inaelekea kwenye tapentaini, au mafuta ya kupikia yaliyokaa sana. Ukinusa hivyo, rudisha hiyo chupa. Pafyumu ya limau inachakaa mapema kuliko ya udi au vanila, na chupa iliyopangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana ndiyo ya kwanza kuathirika. Mimi huomba ile iliyo ndani ya boksi, iliyotoka stoo, hata muuzaji akinuna.

Karatasi ikipita, nenda kwenye ngozi. Watu hupenda kifundo cha mkono, penye mshipa, mimi nashauri mkunjo wa kiwiko. Sisi tunanawa mikono kutwa, tukila, tukitawadha, tukirudi nyumbani, na maji na sabuni vinaondoa pafyumu kabla haijamaliza kusema. Mkunjo wa kiwiko una joto na hauguswi. Usisugue. Nunua maji, zunguka sokoni, fanya shughuli zako.

Nikivaa Green Tea, dakika za kwanza ni limau na minti, tena limau la ganda, si la juisi. Kata kipande cha ganda la ndimu, likunje karibu na mwanga, utaona vijitone vinaruka; harufu ya vile vijitone ndiyo hii. Baada ya kama robo saa limau linashuka na uchungu unapanda, uchungu wa kijani, wa jani la mdanzi ukilivunja kwa vidole. Hapo ndipo ninapoipenda zaidi. Halafu inakuja hewa ya asumini isiyo na uzito, haina ule unene wa asumini ya kusokotwa kwenye nywele. Baada ya saa mbili au tatu tangu kupuliza, inabaki miski safi, karibu sana na ngozi, ambayo anayekukumbatia ataisikia na anayekaa kiti cha pili hataisikia. Huo mwisho ni mdogo lakini ni mzuri na hauna doa. Kwangu mimi, pafyumu imefaulu.

Kufeli kukoje? Kosa la kwanza, na ndilo linaloonekana zaidi, ni kunukia sabuni ya vyombo au dawa ya kupigia deki. Viwanda vya sabuni vimetumia limau miaka mingi mno, na pua zetu zimeshafundishwa kwamba limau maana yake usafi wa jikoni. Kinachoiokoa pafyumu ni uchungu. Limau likiwa na ganda, jani na kijiti ndani yake, akili inaona mti. Likiwa tamu na laini mwanzo mpaka mwisho, akili inaona ndoo na fagio. Kosa la pili ni utupu: limau likiondoka hakuna kitu, au kuna miski nzito yenye sukari ambayo haihusiani na ulichonunua. La tatu ni ukali wa bati unaopanda mpaka kwenye paji la uso. Hilo halitulii kwa kuzoea, ukilisikia dukani utalisikia kila siku.

Kabla hujasema imeisha, ujue pua huzoea. Harufu ikikaa karibu nawe muda, ubongo unaacha kuitangaza, na harufu nyepesi inapotea upesi zaidi. Toka nje, tembea, rudi, au muulize mtu mwingine. Nilikuwa nimeshakata tamaa na pafyumu moja, nikaenda kumsalimia shangazi. Nikamwinamia, "Shikamoo shangazi," naye kabla hajaitikia vizuri akasema, "Marahaba mwanangu, umenukia kama umetoka bustanini." Mimi sikuwa nasikia kitu. Usimuulize anayekuuzia, huyo ana haraka zake.

Kuvaa nako kuna ufundi. Ngozi kavu inaipoteza mapema, kwa hiyo paka kwanza losheni isiyo na harufu au vaselini kidogo sehemu utakayonyunyiza. Usiwe bahili: pafyumu ya udi mpulizo mmoja unaweza kutosha, hii inataka mitano au sita na haitamkera mtu. Puliza pia kwenye nguo ya pamba, upande wa ndani wa ukosi au chini ya mtandio, kwa sababu pamba haina joto la ngozi na inaitunza harufu kwa muda zaidi. Kioevu chenyewe kina rangi, kwa hiyo kanzu nyeupe au hariri jaribu kwanza kwenye pindo. Kisha jaza kichupa cha 10 ml, kiweke kwenye mkoba, na saa saba au saa nane mchana jirudishie. Wengine wanaona kujirudishia huku ni udhaifu wa pafyumu. Mimi naona ni sehemu ya raha yake, maana unalipata limau upya, na limau ndilo ulilolipendea.

Jua lina suala lake. Baadhi ya mafuta ya jamii hii, hasa ya bergamoti na ndimu yaliyokamuliwa bila kusafishwa, yana kemikali zinazoifanya ngozi iungue na kuacha madoa meusi ikipigwa na jua. Anayekamua ndimu juani bila kunawa anaweza kuyapata madoa hayohayo. Pafyumu za viwandani hudhibiti kemikali hizo, lakini mafuta ya kienyeji yanayouzwa kwa mililita hakuna anayekuhakikishia. Hayo yaweke kwenye nguo, si shingoni ukiwa unaelekea juani.

Suala la udi naulizwa sana. Usifukize nguo halafu ukapuliza Green Tea juu yake. Udi utaimeza yote. Pafyumu hii ni ya asubuhi, ya daladala iliyojaa, ya ofisi yenye kiyoyozi, ya darasani, ya kumtembelea mgonjwa ambaye harufu nzito ingemchafua roho. Usiku wa harusi waachie udi na halud, ni wao waliozaliwa kwa usiku huo. Kwa wasiotumia yenye spiriti, mafuta ya ndimu na chai yapo, ila ujue mapema kwamba spiriti ndiyo inayorusha harufu juu mwanzoni. Kwenye mafuta limau linatambaa, haliruki. Ni tulivu zaidi na wengine wanapenda hivyo.

Nyumbani, chupa iweke gizani na mbali na joto. Bafuni hapana, kwenye dashibodi ya gari hapana kabisa. Friji inafaa, na mpulizo wa baridi saa sita mchana ni starehe ambayo ningependa kila mtu aijaribu. Usinunue akiba ya chupa tatu kwa sababu ya punguzo. Nunua moja, itumie bila ubahili, iishe ikiwa bado mbichi.

Na kama baada ya haya yote bado unataka kitu kitakachokaa tangu alfajiri mpaka isha, usiilazimishe hii. Tafuta yenye chai pamoja na mti au viungo chini yake, iliyoandikwa "eau de parfum", ambayo kwa kawaida ina mafuta mengi ya harufu kuliko "eau de toilette" au kolonya. Ijaribu kwenye kiwiko, uondoke dukani bila kununua, na umpe muuzaji jibu kesho yake.