Kabla hujafungua ankara hiyo, ichungulie kwanza

Jumatatu nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam: "Kaka, nimetumiwa ankara ya Word. Antivairasi inasema ni safi. Nifungue?"

Moyo ulinipiga. Mwaka 2018 dada wa uhasibu, katika ofisi moja ya Kurasini nilikokuwa fundi wa kompyuta, aliniuliza swali hilo hilo. Nikamjibu, "Fungua tu, dada."

Akafungua. Ukurasa ukamtaka abofye kitufe cha kuruhusu makro, yaani programu ndogo zinazokaa ndani ya waraka, ndipo maandishi yaonekane. Akabofya. Kufika saa tisa alasiri mafaili yote ya seva yalikuwa yamefungwa, tukadaiwa fedha ili tupewe ufunguo. Nakala za akiba? Zilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo. Kazi ya miaka minne ilipotea, na barua ya onyo akaandikiwa dada yule, aliyekuwa ameuliza kabla ya kufungua. Mimi niliyemruhusu nilinyamaza kikaoni. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko mafaili yenyewe.

Baada ya hapo nilikesha miezi nikijifunza. Zana iliyonifumbua macho ni oletools, programu huria ya Mfaransa Philippe Lagadec. Ukiwa na lugha ya programu ya Python kwenye kompyuta, unaandika kwenye dirisha la amri pip install oletools, halafu olevba na jina la faili. Haiiti Word kabisa. Inasoma faili kama lilivyo, inatoa makro zilizofichwa na kukuonyesha maneno ya kutiliwa shaka. Ukiona AutoOpen, ujue makro hiyo inajiendesha faili linapofunguliwa. Ukiona na Shell karibu yake, kuna programu nyingine inayotaka kuitwa. Ankara ya kweli inataka kuita programu gani?

Nilimwelekeza kijana. Olevba ikamjibu kwamba faili lake ni RTF, aina nyingine ya waraka isiyobeba makro, lipimwe kwa rtfobj. Yeye akaona tu kwamba hakuna makro, akashangilia. Nikamwambia asiguse kitu! Jina liliishia na .doc lakini ndani hali ilikuwa nyingine. Rtfobj, ambayo imo humo humo kwenye oletools, ikaonyesha kitu cha Equation.3 na onyo la CVE-2017-11882. Hiyo ni namba ya tundu la usalama la kihariri cha milinganyo cha Office, lililozibwa na Microsoft Novemba 2017. Tundu hilo halihitaji makro, wala kitufe cha kubofya. Na ofisini kwao bado wanatumia Office ya zamani isiyosasishwa. Nasema kwa fahari: safari hii niliwahi.

Kwa PDF natumia pdfid ya Didier Stevens, Mbelgiji. Inahesabu alama za vitu vinavyoweza kujiendesha ndani ya faili, kama /JavaScript, /OpenAction na /Launch. Sifuri zote ni dalili njema, ila kiungo cha kitapeli bado kinaweza kuwamo.

Ndugu zangu, antivairasi kukaa kimya si kibali. Pimeni kwanza, tena kwenye mashine isiyo na kazi za ofisi. REMnux ni mfumo endeshi wa Linux uliokwisha kujazwa zana za namna hii. Kama ni lazima usome waraka unaoutilia shaka, programu ya Dangerzone huugeuza kuwa picha, kisha hukutengenezea PDF mpya. Na msipakie nyaraka za wateja ovyo kwenye VirusTotal, tovuti ya kupima mafaili kwa antivairasi nyingi: wapo wanaolipia huduma hiyo ambao wanaweza kuzipakua. Mteja hakukupa mkataba wake ili ukausambaze.

Pimeni, nasema tena. Na anayeuliza asikaripiwe, wala asijibiwe haraka kama nilivyojibu mimi.

Kijana alimpigia muuzaji kwa namba ya zamani, si ile iliyokuwa kwenye barua pepe. Muuzaji hakuwa ametuma ankara yoyote. Jioni ile ile nilimtafuta dada wa uhasibu, nikamweleza nilichopaswa kukisema kikaoni mwaka ule.