Ukija Kufanya Kazi Mombasa, Usimwite Mtu Mvivu Saa Nane Mchana

Vijana wanaoletwa kwetu kujifunza kazi ya kutoa mizigo bandarini wengi huwa wamekwisha kuambiwa huko kwao kwamba watu wa Pwani ni wavivu. Wakipita Marikiti saa nane mchana wakamwona hamali amejinyoosha juu ya mkokoteni, na maduka kadhaa ya Mji wa Kale yamefungwa, basi wameshapata ushahidi.

Nyinyi mlio wapya, muulizeni kwanza hamali huyo ameamka saa ngapi. Soko la Kongowea huchangamka kabla ya jua kutoka. Mama wa mahamri naye hukanda unga usiku ili watu wa asubuhi wakute mahamri na mbaazi tayari. Joto la Februari na Machi si la kubebea magunia adhuhuri, kwa hiyo anayetumia mwili wake hupanga kazi kulikwepa jua: mapema asubuhi, kisha tena baada ya alasiri. Ukienda saa nane kumtafuta fundi, utarudi na hasira zako tu.

Lawama yenyewe si ya leo. Wakoloni walikuwa wakinung'unika kwamba makuli wa bandari ya Kilindini hawaji kazini kila siku. Walilipwa kwa siku, na mtu aliweza kuchagua siku ya bandarini na siku ya shamba lake au ya kibiashara chake. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wakawa wanakutana mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akaibuka kuwa kiongozi wao. Mji ulisimama karibu wiki mbili. Sijui wakubwa walisemaje juu ya uvivu wiki hizo.

Na utajiri, je? Hapa Mombasa kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi unamlipa. Mwenye kiwanja anaweza kulala mpaka saa tano na bado akaamkiwa kwa heshima. Baadhi ya umiliki huo una mizizi katika sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyotaka madai ya ardhi ya Pwani yaandikishwe. Mwenye karatasi na mtu wa kumsemea alipata hati. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima ardhi ile ile wakageuka maskwota, yaani wakaazi wasio na hati. Jembe halikuhesabiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani ni tajiri kwa sababu ya bidii yake, wewe uliza kwanza habari za hati.

Jambo jingine la karibu zaidi: reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, na mizigo mingi ikalazimishwa kwenda kutolewa Nairobi, madereva wa malori, mautingo na makarani wa hapa walijikuta barazani mchana kutwa. Walikuwa watu wale wale wa mwaka uliotangulia. Mwaka 2022 Rais Ruto aliamuru kazi hiyo irudishwe Mombasa.

Ajizi ipo, sikatai. Ila katika kazi yetu nimeiona zaidi chini ya kiyoyozi: karani ana hati za shehena mezani, meli bado iko baharini, naye asema entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ataiweka kesho. Siku za bure za kuweka mzigo bandarini zikipita, storeji, yaani ada ya kuuhifadhi, inaanza kuhesabika, na kampuni ya meli nayo inadai pesa za kucheleweshewa kontena lake. Anayelipa ni mteja, na karani mshahara wake uko pale pale.

Basi msingoje meli ifunge gati. Mdaini mteja ankara, orodha ya vitu na hati ya shehena mapema, mzilinganishe neno kwa neno. Jina la mpokeaji liandikwe sawa kote, uzito uwe mmoja, nambari ya kontena isomwe kwa sauti na watu wawili. Tarakimu moja ikikosewa huombewa marekebisho kwa barua, na barua hutaka sahihi ya mkubwa ambaye Ijumaa adhuhuri yuko msikitini. Ipelekeni Alhamisi.