Bariamu ya maabara na bariamu ya eksirei

SWALI: Mhariri, salamu. Chakula kinanikwama kooni, na daktari ameniagiza ninywe bariamu kabla ya kupigwa picha ya eksirei. Binti yangu wa kidato cha nne ananikataza, akisema kwamba chupa ya kloridi ya bariamu katika maabara yao imebandikwa alama ya fuvu. Je, ninywe?
Mama wa watoto watatu, Ngamiani, Tanga

JIBU: Mama, binti yako amesema kweli na daktari hakukosea, kwani kila mmoja anataja chumvi yake.

Kloridi ya bariamu ni chumvi nyeupe inayoyeyuka upesi: gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 zake. Huko kuyeyuka ndiko kunakoifanya sumu. Ikimezwa, bariamu huingia katika damu na kuziba vijia ambavyo potasiamu hupitia kutoka ndani ya seli, hata potasiamu ya damu ikapungua. Mtu hutapika, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika. Viwandani huondolea salfeti katika maji ya chumvi yanayotengenezewa klorini. Binti yako huitumia kupimia salfeti hiyo hiyo, akaona mashapo meupe yakitua chini.

Basi mashapo hayo ndiyo utakayokunywa wewe. Ni salfeti ya bariamu, ambayo lita nzima ya maji huyeyusha miligramu mbili hivi tu, wala asidi ya tumbo haiiwezi. Hupita kama ilivyoingia, huku ikizuia miale ya eksirei na kuonyesha mahali umio ulipobana. (Ladha yake ni ya chokaa, sikufichi.) Hata aliyemeza kloridi huweza kupewa hospitalini salfeti ya sodiamu, ili bariamu igeuke mashapo kabla haijafika katika damu.

Jambo la kuchunga ni usafi wa dawa. Nchini Brazil, mwaka 2003, wagonjwa walikufa kwa salfeti iliyochanganyika na kaboneti ya bariamu, ambayo majini haiyeyuki kwa urahisi, lakini ikikutana na asidi ya tumbo hugeuka kuwa ile ile kloridi ya fuvu. Kwa hiyo kunywa ya hospitali tu, kamwe si unga wa kuokoteza.

Ikiwa hupaliwa unapokunywa maji, mwambie daktari mapema. Baada ya picha kunywa maji mengi, maana dawa hii hufunga choo. Na kinyesi kikiwa cheupe siku moja au mbili, usishtuke.