Nitakataje sufu ya rangi mbili bila kufumuka?

Swali: Ninafuma kwa sindano, na sasa nimezoea kufuma kwa rangi mbili, uzi usiotumika ukipita nyuma. Maelezo ya sweta la kufungua mbele, la mtindo wa Shetland (visiwa vya Uskoti), yananitaka nilifume kwa mzunguko kama bomba, kisha nilikate kwa mkasi. Ninaogopa litafumuka. Nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, anzia kwenye vazi dogo la kikombe cha chai, usianzie kwenye sweta. Uzi uliokatwa kwa wima hauporomoki kama kitanzi kilichoponyoka sindanoni; ili utoke, ni lazima uchomoke kwa upande, kitanzi kimoja baada ya kingine, na sufu ya Shetland, kwa kuwa ina manyoya, humshika jirani yake. Akriliki na pamba huteleza, kwa hiyo zoezi hili lifanye kwa sufu halisi ambayo haikutibiwa ili ifuliwe mashineni.

Ikiwa vitanzi 22 vinakupa sentimita 10, anza na vitanzi 55: 48 vya mchoro na 7 vya ukanda wa kukatia. Katika ukanda huo pishanisha rangi kitanzi kwa kitanzi, rangi ileile ikae juu ya mwenzake kila mzunguko, ili upate mistari ya wima itakayouongoza mkasi. Badilisha nyuzi katikati ya ukanda, maana ncha hizo zitakatwa. Fuma sentimita 8, funga vitanzi, loweka kazi katika maji ya uvuguvugu, kisha iache ikauke kabisa.

Hatua ya kroshia ndiyo ninayokusihi usiiharakishe. Kitanzi cha nne cha ukanda ndicho cha katikati; kila kitanzi huonekana kama V yenye nusu mbili. Kwa uzi mwembamba wa sufu, piga mstari mmoja wa kroshia unaounganisha nusu yake ya kulia na nusu iliyo karibu nayo ya jirani yake wa kulia, kisha mstari wa pili upande wa kushoto. Mistari hiyo ikivutana pande zake, vijiti vya uzi vitajitokeza kati yake kama ngazi.

Ingiza kadi ngumu ndani, usije ukakata upande wa pili. Kwa mkasi mdogo wenye ncha kali, kata vijiti hivyo viwili viwili, bila kugusa kroshia. Baada ya hapo okota vitanzi kando ya mchoro, fuma ukingo wa vifungo, na kunja ukanda uliokatwa kwa ndani, uushone kwa mkono.