Re: Mtoto kafanyiwa oparesheni ya moyo, figo nazo zifatiliwe?

Pole na kuuguza dada angu. Umeuliza kama figo zilizosumbua kule ICU baada ya mwanao kuzibwa tundu la moyo, na sasa kipimo kimerudi sawa, ndo basi zimepona. Mi nakushauri endelea kufatilia, tena usiache kabisa. Kwenye oparesheni damu inapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi badala ya moyo na mapafu, figo zinakosa damu ya kutosha zinaumia, inawapata watoto wengi tu hasa wachanga na wengi kreatinini (uchafu wa kwenye damu unaotolewa na figo, ndo unaopimwa kujua figo zikoje) inashuka ndani ya siku chache. Sasa shida iko hapa, kreatinini inatokana na misuli, na mtoto aliyekondeshwa na moyo misuli yenyewe hana, kwa hiyo namba inaweza kuwa nzuri na figo bado hazijakaa sawa.

Miezi 3 baada ya oparesheni arudie kipimo cha damu, apimwe na protini kwenye mkojo, na presha kila akienda kliniki. Mkanda wa presha uwe wa saizi yake jamani, ule wa mtu mzima unasoma chini, utaambiwa yuko poa kumbe presha ipo juu.

Homa ikimshika mpe parasetamo, brufeni na diklofenaki hapana. Akiharisha au kutapika muwahishe hospitali, hasa kama bado anakunywa Lasix (dawa ya kukojoza maji) au Captopril (dawa ya moyo na presha), maji yakipungua mwilini figo ndo zinaumia tena. Ile karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali tembea nayo, hata ukienda duka la dawa waonyeshe.