Siku nne Appalachian Trail, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na shemeji yangu tunataka kutembea kipande cha Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu ya milimani, ndani ya hifadhi ya Great Smoky Mountains kule Marekani, tuna siku nne, yaani tunalala mara tatu tu. Shemeji anataka tuanzie Fontana Dam tumalizie Davenport Gap, kama kilomita 115 hivi, anasema ni kilomita 29 kwa siku na kwenye lami tumeshazitembea sana. Mi naona nyingi. Halafu kuna dubu, nawaogopa kweli.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie shemeji kwa heshima zote kwamba lami ndo imemdanganya. Pale Fontana mnaanzia chini ya mita 600 alafu mnapanda mnashuka mnapanda tena mpaka kilele cha Kuwohi, mita 2,025, na hapo ndo juu kabisa kwenye njia yote ya kilomita kama 3,500 kutoka Georgia mpaka Maine (ramani za kabla ya 2024 zinapaita Clingmans Dome, msije mkapotezana). Na mgongoni mna begi la chakula cha siku nne.

Mimi ningewaanzisha Newfound Gap, barabara inakatiza pale kwahiyo gari linawapandisha mpaka mita 1,538 bila jasho, alafu mnaelekea mashariki mpaka Davenport Gap, kama kilomita 50. Msidhani ni mteremko mtupu lakini, milima ipo, na siku ya mwisho magoti yatalia.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Kule hupangi kwa kilomita, unapanga kwa pa kulala. Huruhusiwi kupiga hema popote unapojisikia, kuna vibanda vya kulala njiani na kibali chako kinasema usiku gani uko kibanda kipi, na usiku wa pili kibanda kilekile hawakupi. Kibali ni dola 8 kwa mtu kwa usiku, kwahiyo nyie wawili ni dola 48, na mnaweza kukikata siku 30 kabla, msichelewe maana vibanda vinajaa. Gari likilala paking linalipiwa stika yake pia.

Mgawanyo wangu: siku ya kwanza mdamke, mpitie Charlies Bunion, lile jabali lenye bonde chini yake, kaeni pale mle kitu, alafu mkalale Pecks Corner, jumla kilomita 17. Siku ya pili fupi, 8 tu mpaka Tricorner Knob, na nimeiacha fupi makusudi kwasababu miguu ya siku ya pili ndo inauma kuliko zote. Ya tatu 12 mpaka Cosby Knob, ya nne 13 mnatoka.

Dubu wapo, wale weusi, na kuogopa sio vibaya ila wanachofuata ni harufu ya chakula. Kila kibanda kina nyaya za kuning'iniza mabegi juu, ning'inizeni kila kinachonukia, hata dawa ya meno, hata sabuni, hata ile pipi iliyosahaulika mfukoni. Mkimwona msimsogelee, sheria ya hifadhi ni mita 46, na msikimbie, rudini nyuma taratibu huku mnamwangalia.

Mi baridi na mvua ndo vinanitia wasiwasi zaidi. Kule juu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwahiyo nguo za kulalia zifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji na zisivaliwe mchana hata iweje. Maji ya chemchemi yako karibu na vibanda, yachujeni au yachemsheni. Gesi ya kupikia nunueni mkishafika, kwenye ndege hairuhusiwi.

Na gari la kuwachukua Davenport Gap lipangeni kabla hamjaanza kutembea, pale ni kibarabara cha msituni tu.